Silinda moja ikipata joto kuliko zingine: namna fundi anatafuta ugonjwa wa moteri ya ndege ndogo

Bendera iko karibu kilometa 120 kaskazini mwa Kalemie, kwenye barabara ya kitaifa namba 5. Mvua ikiharibu barabara, mgonjwa na dawa vinakwama njiani. Ni kwa sababu hiyo ndege ndogo ni jambo kubwa katika majimbo ya mashariki. Lakini nyingi kati ya ndege hizo zina moteri moja tu. Ile moteri ikizimika juu ya pori ao juu ya ziwa Tanganyika, hakuna ya pili. Basi mshale mmoja unaopanda kwenye saa ya joto si jambo la kudharau.

Ni ndege gani?

Si ndege zote zina silinda. Cessna Caravan na Let 410, zinazojulikana sana Kongo, zina turbini na zinatumia mafuta ya jeti. Zenye silinda ni kama Cessna 206: silinda 6, tatu kuume na tatu kushoto, zimelala. Zinatumia esansi ya ndege, yenye rangi ya buluu, ambayo ni ya bei kali na ya shida kupata.

Moteri hizi hazina radiatere. Zinapozwa na upepo. Kila silinda imezungukwa na mapezi membamba, sawa na pikipiki. Upepo unaingia mbele, unajaa juu ya moteri, kiisha unashuka kati ya mapezi na kutoka chini.

Eneo hili linajua moteri za aina hiyo tangu zamani. Mwaka 1916, ndege za Wabelgiji zilizotua majini hapa ziwani zilikuwa na moteri za kupozwa kwa maji. Lakini mwaka 1965, wakati waasi pamoja na Wakuba wa Che Guevara walishambulia ngome ya Bendera karibu na kituo cha umeme cha mto Kiymbi, serikali ilikuwa na ndege za T-28 huko Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. T-28 ilikuwa na silinda 9 zilizopangwa kwa duara, na zote zilipozwa na upepo tu.

Joto gani ni nyingi?

Kila ndege ina kitabu chake, na kitabu ndicho kinaamua. Kwa moteri nyingi za Lycoming, mwisho ni digrii 260 za Selsiasi. Kwa nyingi za Continental ni karibu 238. Mafundi wengi wanapenda safarini silinda isipite 205, maana alumini inapoteza nguvu kadiri joto linapanda. Silinda inaweza kupasuka, ao valvu kuungua.

Tofauti ndogo kati ya silinda ni kawaida, kwa sababu hazipati upepo sawa. Kinachotisha ni mabadiliko: silinda ambayo mwezi uliopita ilikuwa sawa na wenzake, na leo imewapita mbali. Kwa hiyo rubani mwenye akili anaandika namba za kila safari katika daftari.

Hatua ya 1: Je, saa inasema kweli?

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua silinda. Anabadilisha kwanza vipimo: kile cha silinda yenye joto anakiweka kwenye silinda nzuri, na cha nzuri kwenye ile mbaya. Joto likihama pamoja na kipimo, ugonjwa ni kipimo ao waya. Likibaki pale pale, silinda kweli ina shida.

Aangalie pia namba. Kwa Lycoming, silinda namba 1 iko mbele upande wa kuume. Kwa Continental, namba 1 iko nyuma upande wa kuume. Asiyejua hilo anaweza kutengeneza silinda nzima na kuacha yenye ugonjwa.

Hatua ya 2: Upepo

Hapa ndipo shida nyingi zinapatikana. Kuna mabati yanayoongoza upepo, na mipira inayoziba nafasi kati ya mabati na kifuniko cha moteri. Mpira ukipasuka ao ukijikunja, upepo unakimbilia kwenye tundu na silinda inakosa. Fundi anaangalia pia viota vya ndege na vya nyigu, majani, na vumbi lililochanganyika na oili kwenye mapezi.

Hatua ya 3: Esansi

Silinda inayopata esansi kidogo na hewa nyingi inaweza kuwaka kwa joto kali. Kwenye moteri ya injeksheni, kila silinda ina kitundu chake cha esansi, na uchafu mdogo unaweza kukiziba. Mafundi wanafungua vitundu vyote, wanaweka kila kimoja katika chupa za ukubwa sawa, kiisha wanapiga pampu. Chupa iliyopata kidogo inaonyesha mgonjwa. Kitundu kinasafishwa kwa dawa yake. Kuchokonoa kwa waya ni marufuku, kwa sababu kinapanuka na kipimo kinaharibika.

Kama chupa zote ziko sawa, fundi anaangalia bomba la kuingiza hewa. Doa la buluu karibu na jointi ni ishara kwamba inavuja.

Hatua ya 4: Moto wa bujia

Kila silinda ina bujia mbili. Moja ikikufa, joto la moshi unaotoka linapanda, lakini joto la silinda linashuka kidogo. Kama silinda zote zimepanda pamoja, fundi anapima manyeto: labda inawasha mapema mno. Joto la silinda likipanda mbio huku joto la moshi likishuka, hiyo ni hatari kubwa: esansi inalipuka vibaya ndani. Esansi isiyofaa inaweza kuleta hilo. Ndiyo maana esansi ya barabarani haiwekwi katika moteri ambayo haikuruhusiwa kuitumia.

Mwishoni fundi anapima nguvu ya hewa ndani ya silinda, na kuchungulia valvu kwa kamera ndogo.

Rubani afanye nini angani?

Anaongeza esansi kwenye mchanganyiko, anafungua milango ya upepo kama ipo, anashusha pua ili mwendo uongezeke, na anapunguza nguvu. Joto lisiposhuka, anatua kwenye uwanja wa karibu. Mgonjwa akichelewa saa moja ni vibaya, lakini ndege ikianguka ni vibaya zaidi.

Na kwa fundi wa pikipiki?

Wamotari wa Bendera na Kalemie wanajua matope ya barabara hii. Matope yakikauka kati ya mapezi, silinda haipumui. Grupu ndogo ya esansi iliyofungiwa katika chumba bila dirisha inateseka vilevile. Kabla ya kununua pistoni mpya, fuata njia ile ile: safisha mapezi, angalia upepo, esansi, kiisha bujia. Silinda inafunguliwa mwishoni.