Metali Zilizochoka: Maabara ya Calcutta na Swali la Fahamu

Mjadala wa iwapo fahamu, yaani uwezo wa kuhisi na kujitambua, imeenea katika maada yote au huzaliwa na ubongo hai pekee, uliingia katika maabara ya fizikia mjini Calcutta mwishoni mwa karne ya 19, pale mwanafizikia Jagadish Chandra Bose alipogundua kwamba vipokezi vyake vya mawimbi ya redio vilipungua wepesi vilipotumiwa mfululizo, kisha vikaurudia baada ya kupumzishwa. Ili kuchunguza zaidi uchovu huo wa metali, aliunganisha waya wa bati na galvanomita, chombo cha kupima mkondo mdogo wa umeme, na kila alipounyonga alipata mchoro uliofanana mno na ule wa msuli wa mnyama. Alipoutia asidi ya oksaliki, mwitikio ulififia kana kwamba waya umelishwa sumu.

Bose aliyaonyesha hayo katika Royal Institution, London, Mei 1901, na mwaka huohuo mwanafiziolojia mkongwe John Burdon Sanderson akampinga, hasa kuhusu mimea ya kawaida, ambayo Bose alidai kuwa nayo huitikia kwa umeme. Katika suala la mimea, Bose ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Kuhusu bati, hata hivyo, wafuasi wake waliosema kuwa metali huhisi walivuka mpaka, kwa maana kuitikia kichocheo si lazima kuwe kuhisi, na galvanomita hupima umeme tu, haipimi maumivu. Taasisi aliyoianzisha Calcutta mwaka 1917 iliendelea kuchunguza mimea.