Jinsi Mnururisho Usiotakiwa Unavyochujwa katika Migongano ya Elektroni na Protoni

Mtambo wa HERA mjini Hamburg, Ujerumani, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1992 hadi 2007 kwa kugonganisha elektroni na protoni ili kuchunguza muundo wa ndani wa protoni. Wakati mwingine elektroni hutoa fotoni kabla ya mgongano. Fotoni hiyo ikitoroka kupitia bomba linalopitisha chembe, haipimwi, na hesabu ya muundo wa protoni hupotoka. Ili kuepuka kosa hilo, wanasayansi walijumlisha nishati ya chembe zote zilizopimwa, kisha wakatoa momenta yake kuelekea upande ziendako protoni. Kwa elektroni zenye gigaelektronivolti 27.5, jibu lilipaswa kukaribia 55. Tukio lenye jibu dogo mno liliondolewa, kwa kuwa sehemu ya nishati ilikuwa imepotea.