Jiwe la Ngara, Lebo ya Biharamulo

Mwezi Juni 2017, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha sita, nilimuuzia mgeni mmoja mawe kumi na moja. Alikuwa amefikia nyumba ya wageni karibu na stendi ya Biharamulo, Mzungu wa makamo mwenye Kiswahili cha kuombea maji. Aliyenipeleka kwake ni kijana wa bodaboda tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye bado aliniita kwa jina la utani la utotoni: Mawe. Mzigo wangu ulikuwa kwenye kopo la rangi la lita nne. Tuliketi barazani, nikayapanga mawe juu ya gazeti, moja moja, kama mama anayepanga nyanya.

Gazeti lenyewe lilikuwa na habari za makinikia. Nani asiyeukumbuka mwaka ule? Machi serikali ilizuia kusafirisha mchanga wa dhahabu nje, makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mei 24 kamati ya Profesa Mruma ikasoma ripoti yake, Juni 12 ikafuata ya Profesa Osoro. Kwetu, ambako wazee wengi wanamfahamu Magufuli tangu Chato ikiwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, kwenye vijiwe vya kahawa hakukuwa na mjadala mwingine. Na mimi nilikuwa nikibishana kwa sauti kuwa tumeibiwa vya kutosha. Kopo langu la mawe sikuliona kama linahusika. Sheria inasema madini hayatoki nchini bila kibali. Sikuuliza kibali cha mgeni kiko wapi, naye hakunionyesha.

Mengi yalikuwa kwatsi, jiwe jeupe ambalo ukilikwaruzia kioo linaacha alama. Nilikuwa nikiyaokota tangu darasa la tatu kwenye malundo ya wachimbaji wadogo. Duara likichimbwa, jiwe jeupe hutolewa kwanza kwa shauku kwa sababu ndilo linaloweza kubeba dhahabu. Lisipokuwa na kitu hutupwa pembeni. Mimi nilikuwa mteja wa lile la pembeni. Nilipenda hasa yenye fuwele, zile nguzo ndogo za pande sita zinazoota ndani ya uwazi wa mwamba. Hakuna aliyezichonga, na mtoto akiambiwa hivyo anakataa.

Mgeni alishika kila jiwe akaligeuza kwenye mwanga, kisha akauliza swali moja: limetoka wapi? Nikijibu, anaandika kwenye kikaratasi, anakifunga pamoja na jiwe ndani ya karatasi ya chooni. Hilo lilinishangaza. Nilidhani angeuliza bei, au kama kuna makubwa zaidi.

Jiwe la kumi halikuwa langu. Lilikuwa la babu yangu mzaa mama, wa Ngara. Lilikuwa na fuwele tano angavu, moja imevunjika ncha. Mgeni alipolishika alinyamaza, kisha akauliza: hili pia ni la Biharamulo, la karibu na dhahabu? Nikaona macho yake. Nikasema ndiyo, Mavota, karibu na mgodi. Akaongeza shilingi elfu kumi juu ya bei tuliyokuwa tumekubaliana, jumla ikafika elfu arobaini. Akaandika. Nilimsaidia hata herufi za Mavota.

Nilinunua simu ya mkono wa pili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia, ndipo nilipoelewa kile kikaratasi. Nilikuwa nikisoma juu ya makusanyo ya enzi za ukoloni, nikakuta kwamba watu wanaokusanya mawe duniani, wa makumbusho na wa majumbani, wana imani moja: jiwe bila mahali limepoteza nusu ya thamani yake, pengine zaidi. Kwatsi iko kila bara. Kinachotofautisha kipande kimoja na kingine, mbali na uzuri, ni lebo: jina la madini, mahali lilipotoka, mwaka, na pengine jina la aliyelikusanya. Mkusanyaji makini haitupi lebo ya zamani hata ikichakaa. Huiweka chini ya mpya, kwa hiyo jiwe la miaka mia linaweza kuwa na karatasi nne, kila mmiliki na mwandiko wake. Wafanyabiashara wengine hudanganya mahali kwa makusudi ili washindani wasijue chimbo lao. Uongo huo ukishaingia kwenye droo, huchukua miaka kuutoa.

Sisi wanahistoria tungeiita lebo hiyo waraka. Na mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilighushi waraka.

Mtu anaweza kusema Ngara na Biharamulo ni majirani, kuna dhambi gani hapo? Kwa miguu ni kweli. Kwa miamba, hapana. Panda gari Biharamulo, pita Lusahunga na Nyakahura uelekee Benaco, utaona nchi ikibadilika: tambarare na miti ya miombo vinaishia kwenye migongo mirefu ya vilima vya Ngara. Miamba yenye dhahabu ya upande wa Biharamulo ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ile miamba moto iliyojipenyeza chini ya vilima vya Ngara ikabeba nikeli ina takriban bilioni 1.4. Ukilipeleka jiwe la Ngara Mavota kwa kalamu, umelisogeza zaidi ya miaka bilioni moja. Mtaalamu akilipima siku moja atapata majibu yasiyolingana na karatasi, na ataumiza kichwa kwa sababu ya simu yangu ya mkono wa pili.

Kuhusu dhahabu ya Mavota sikudanganya kitu. Mgodi wa Tulawaka ulifunguliwa 2005 na kampuni ya Barrick na washirika wake, ukachimba mshipa mwembamba wa kwatsi wenye dhahabu nyingi, na mwaka 2013 ukauzwa kwa shirika la serikali, STAMICO. Sasa unaitwa STAMIGOLD. Nilikua nikisikia milipuko yake ikisimuliwa. Dhahabu ya kwetu ilikuwa na sifa, nami niliiazimisha sifa hiyo kwa jiwe lisilohusika.

Sasa babu. Mwaka 1976 alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na ndio mwaka ambao historia ya madini ya Ngara huanza katika ripoti nyingi: utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uligundua dalili za nikeli Kabanga. Utafiti wa namna hiyo huenda hivi. Timu hufuata mstari juu ya nchi, na kila baada ya umbali fulani huchota udongo kidogo, huuweka kwenye mfuko, huuandika namba. Mifuko hupelekwa maabara. Pale ambapo nikeli na shaba vinapanda kwenye namba kadhaa zilizo jirani, wanarudi na kuchunguza zaidi, hatimaye na mitambo ya kuchoronga. Kazi ya babu ilikuwa kubeba mifuko.

"Mwenzako anachota, anafunga, anaandika, anakupa," aliniambia. "Unabeba. Jioni mgongo unawaka." Kijijini waliwacheka. Nani anamlipa mtu kwa kubeba udongo wakati udongo umejaa shambani? Wake za vibarua ndio waliocheka zaidi, alisema, mpaka siku ya mshahara.

Mchana mmoja, wakipumzika juu ya mgongo wa kilima, aliokota mawe mawili meupe. Moja kubwa kama kichwa cha mtoto, jingine dogo lenye fuwele. Alimwonyesha mkuu wa timu, ambaye aliyatazama mara moja akamrudishia: kwatsi, hayana kitu. Babu akayabeba juu ya mzigo uliokuwa na namba. Jiwe kubwa likawa la kuzuia mlango wa sebuleni usipigwe na upepo. Dogo alilikalisha dirishani, na nilipofika darasa la tano akanipa nikae nalo. Hakunipa moja kwa moja. Alisema, "Kaa nalo."

Baada ya 1976 Kabanga imepita mikono mingi. Kampuni za Canada, Australia, Afrika Kusini na Uswisi zimetajwa kwa nyakati tofauti. Mamia ya kilomita za miamba yamechorongwa. Na mwaka 2021 ikaundwa Tembo Nickel, ubia kati ya serikali na wawekezaji. Katika ripoti za utafiti nilizosoma kwa ajili ya tasnifu yangu, kila mfuko una namba, kila shimo la kuchoronga lina jina na majira ya nukta. Kina kinatajwa mpaka sentimita. Wabebaji wametajwa, pale walipotajwa, kwa neno moja: vibarua.

Jambo hili halikuanzia Ngara. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi pwani, zaidi ya tani 200. Mnyama mkubwa kuliko wote anayesimama Berlin hadi leo alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alisubiri mpaka 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake, bohetii. Karibu karne nzima. Tanzanaiti nayo: jina walilipanga Tiffany & Co. wa New York mwaka 1968, wakati mzee Jumanne Ngoma, aliyeiokota 1967, alikuja kupewa heshima na rais hadharani, pamoja na shilingi milioni 100, mwaka 2018. Alifariki mwaka uliofuata.

Mfano ninaoupenda ni mdogo sana kwa umbo. Mwaka 2016 yalitangazwa madini mapya yanayoitwa merelaniiti, vijiti vya rangi ya fedha vyembamba kama unywele, vilivyogunduliwa juu ya vipande vya mawe kutoka Mererani. Waliyoyaeleza, akiwemo John Jaszczak wa Michigan, walisema jina ni la mji na ni kwa heshima ya wachimbaji wake wanaoshuka mashimoni. Ni heshima ya jumla, bila mtu mmoja mmoja. Hata hivyo nilipoisoma niliinuka mezani nikaenda kununua soda.

Nikiwa kwenye msomo huu huu nilikutana tena na Suwarora, mtawala wa Usui, nchi iliyokuwa katika sehemu za Biharamulo na Ngara za leo. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita kwake wakielekea Karagwe kwa Rumanika, na aliwakalisha wakibishana hongo mpaka Speke akajaza kurasa za malalamiko. Shuleni tulifundishwa hongo kama usumbufu kwa wasafiri. Siku hizi namsoma Suwarora kama mtu aliyetaka kujua nani anapita na amebeba nini. Mimi sikumuuliza mgeni wangu hata jina la ukoo.

Babu alifariki 2021. Mara ya mwisho tulipoketi pamoja aliniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayeulizia kuku: "Lile jiwe bado uko nalo?" Nikamwambia nimeliacha chuoni, liko salama. Akaridhika. Huo ni uongo wa pili juu ya jiwe moja, na ule wa kwanza angalau ulinipa elfu kumi.

Sijui nimtafute wapi mgeni. Nina jina lake la kwanza na kumbukumbu ya viatu vyake. Mahali fulani kuna droo, na ndani yake fuwele tano, moja imevunjika ncha, na kikaratasi kinachosema Mavota kwa herufi nilizozitaja mwenyewe. Nayaandika haya kwa sababu hiyo pia. Aliye na jiwe hilo ajue: ni la Ngara, kutoka mgongo wa kilima, kwenye mstari wa utafiti wa 1976. Aliyeliokota alikuwa na mzigo wa udongo mgongoni.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara na kalamu ya wino usiofutika. Jiwe kubwa bado liko mlangoni, upande mmoja umelainika kwa miaka ya kusukumwa na miguu. Nikamwomba bibi ruhusa nilibandike lebo. Niliandika kwatsi, nikaandika kijiji na kilima, mwaka, kisha jina la babu, majina yote matatu. Bibi alinitazama nikilipiga picha kwa pande zote, kwanza kwenye kivuli, halafu juani.

"Hilo ndilo mnalosomea huko?"

"Ndiyo, bibi."

Akaichukua lebo, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole. Akasema jina la pili la babu nimelikosea herufi, ni moja tu ya r na si mbili. Nikaandika nyingine. Nilipomaliza mlango ulikuwa umeshajipiga mara mbili kwa upepo, na bibi akaniambia nilirudishe jiwe mahali pake.