Ngano inapopata kiu na joto kwa wakati mmoja

Mvua imekatika ngano ikiwa na mimba. Jua la mchana linachoma, na baada ya muda mfupi masuke yanakuwa meupe kabla ya wakati wake. Ukiyapukuchua mkononi, punje ni nyembamba, na masuke mengine hayana kitu kabisa. Wakulima wengi hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa ya kupuliza. Lakini joto na ukame vikija pamoja hufanya hivyohivyo, na hapo dawa ya ukungu ni hela iliyopotea.

Ngano ni zao la baridi. Ndiyo maana kwetu hulimwa sehemu za juu: Narok, Njoro, Uasin Gishu na Timau nchini Kenya, Hanang, Karatu na Makete nchini Tanzania. Wakati wa kujaza punje hupenda nyuzi joto 15 hadi 20 hivi. Likizidi 30 wakati wa maua, chavua huanza kuharibika, na suke hubaki na mapengo.

Jani la ngano lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Kupitia hayo huvuta hewa ya kaboni, ambayo ndiyo malighafi ya sukari, na kupitia hayohayo hutoa mvuke wa maji. Mvuke ukitoka, jani hupoa, kama maji ya mtungini yanavyopoa mtungi ukitoa jasho. Ukame ukija peke yake, mmea hutengeneza homoni inayofunga matundu ili maji yasipotee. Joto likija peke yake, mmea hufungua matundu ili upoe. Vikija vyote viwili, kimoja kinataka mlango ufungwe na kingine kinataka ufunguliwe. Mara nyingi ngano hufunga. Maji yanaokolewa kidogo, lakini jani linapata joto kali kuliko ambavyo lingepata chini ya jua lilelile kama udongo ungekuwa na unyevu. Hapo ndipo hasara ya vyote viwili inapozidi ya kila kimoja.

Ndani ya jani mambo nayo hubadilika. Hewa ya kaboni imepungua, lakini mwanga unaendelea kupiga. Nishati isiyopata kazi hugeuza oksijeni kuwa kemikali kali zinazounguza seli, na mmea hulazimika kutengeneza vitu vya kuzizima. Hutengeneza pia protini za kulinda protini nyingine zisiharibiwe na joto, na hukusanya sukari pamoja na kitu kiitwacho prolini ili seli zishike maji. Yote haya hulipwa kwa chakula ambacho kingeingia kwenye punje. Usiku wenye joto nao ni mbaya, maana mmea hupumua kwa kasi na kula akiba yake.

Jambo moja liliwashangaza watafiti. Mwaka 2004 kundi la Ron Mittler, Marekani, lilichapisha majaribio ya mmea mdogo wa jamii ya sukuma wiki. Ukame peke yake uliongeza prolini. Ukame pamoja na joto uliongeza sukari badala yake. Kwa hiyo mmea haujumlishi tu kinga mbili, huchagua njia nyingine.

Ngano ina akiba nyingine pia. Kabla ya maua huweka sukari kwenye shina, na majani yakishindwa huivunja na kuipeleka kwenye suke. Mbegu hutofautiana sana hapa. Hata hivyo, vimeng'enya vinavyojenga wanga ndani ya punje huvumilia joto kidogo tu. Punje hukosa wanga, na gunia lililojaa hupungua uzito.

Unachoweza kufanya ni kabla ya tatizo: panda mapema mvua zinapotulia, chagua mbegu ya kukomaa mapema kama msimu wako ni mfupi, palilia, na usizidishe mbolea ya kukuzia. Ngano yenye majani mengi mno humaliza maji ya udongo kabla ya punje kujaa.

Kabla ya kununua dawa, kagua shamba. Weupe ulioanzia kwenye vilima na udongo mfupi, na mabondeni ngano bado ni ya kijani, unaelekeza kwenye kiu na joto. Suke lililo nusu jeupe nusu kijani, lenye rangi ya waridi kwenye maganda, au mizizi iliyokuwa myeusi, mwonyeshe afisa ugani.