Farasi wa Smuts na mbung'o wa Kilosa

Agosti 22, 1916, kikosi cha Jenerali van Deventer, askari wa farasi pamoja na wa miguu kutoka Afrika Kusini, kiliingia mji wa Kilosa, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani walikwisha kuondoka kuelekea kusini. Van Deventer akawafuata kwa njia ya Ulaya (ya Kilosa, si bara) hadi Kidodi na Mto Ruaha Mkuu, yaani katika ukanda huohuo wa kata za Mabwerebwere na Mikumi za leo. Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika eneo hili vimejaa habari za majemadari. Habari za wanyama waliowabeba zimebaki pembezoni.

Mkuu wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, Jenerali Jan Smuts, alikuwa na mpango mmoja tangu aliposhika uongozi mapema mwaka huo: kutumia farasi kumzunguka kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na kumfungia njia. Kwenye nyika za Afrika Kusini mbinu hiyo ilikuwa na maana. Huku kuna mbung'o. Wasagara na Wavidunda walijua kwa vizazi kwamba ng'ombe hadumu katika mapori haya, na anayezuru Hifadhi ya Mikumi leo bado huonywa asivae nguo nyeusi wala za buluu, kwa kuwa rangi hizo humvutia mdudu huyo.

Wala haikuwa siri ya wenyeji peke yao. Daktari David Bruce alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1890, kule Zululand, kwamba mbung'o ndiye anayeeneza vimelea vya nagana, ugonjwa unaoua mifugo. Madaktari wa mifugo waliofuatana na jeshi walijua mnyama aliyeumwa angeishia wapi: homa, macho kutoa machozi, miguu na tumbo kuvimba, kukonda hata mbavu zihesabike, kisha kuanguka. Walichoweza kufanya ni kuwapa farasi arseniki, sumu inayopunguza makali ya vimelea kwa muda. Haikuponya, ilimsogeza farasi mbele wiki kadhaa ili aendelee kubeba mtu. Kwa lugha ya kambini hiyo iliitwa tiba.

Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916 peke yake, jeshi la Smuts lilipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. (Nyumbu hapa ni yule mzao wa punda na farasi, si wa mbugani.) Mizoga ilitapakaa kando ya njia na uvundo wake ukawafuata askari. Farasi wengine waliletwa kwa meli kujaza pengo, nao wakaingizwa pori lilelile. Hapo ndipo ninapokataa kuyaita maafa haya bahati mbaya ya vita: yalijulikana, yakahesabiwa, yakarudiwa.

Mnyama alipokwisha, mzigo ukawekwa kichwani mwa binadamu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na malaria. Huko Ugogo, jirani tu na Kilosa, majeshi ya pande zote mbili yalichukua mifugo na watu, na ukame ulipoongezeka ikafuata njaa kuu ya Mtunya.

Kuwalinda wanyama vitani halikuwa wazo geni hata wakati huo. Huko Uingereza, wafadhili wa mfuko wa Msalaba wa Buluu walikuwa wakikusanya fedha za kutibu farasi wa vita tangu vita vya Balkani vya 1912. Lakini sheria ya kimataifa ilikwenda polepole. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kuharibu mifugo, ila inaitaja pamoja na mazao na maji ya kunywa, kama riziki ya raia. Maumivu ya mnyama mwenyewe hayamo.

Kilosa inajua kwamba mnyama huumia katika ugomvi wa watu, bila kungoja majeshi ya kigeni. Mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000. Mwanzoni mwa 2016, katika wilaya jirani ya Mvomero, mbuzi na kondoo walikatwakatwa kwa mapanga katika kijiji cha Dihinda. Mbuzi hajui mpaka wa shamba, lakini hasira ya mwenye shamba na ya mwenye zizi humwishia yeye.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inayomfanya anayemtesa mnyama kuwa mkosaji, awe mkulima au mfugaji. Mgogoro unapozuka, viongozi wa kata na vijiji wamwite afisa mifugo siku ileile wanapowaita polisi, ili wanyama waliojeruhiwa watibiwe au wapumzishwe bila mateso, na aliyeshika panga ashtakiwe kwa sheria hiyo pia, asiishie kulipa fidia tu.