Nduthi Kuukuu Inakuvunja Mgongo? Anzia Shoki za Nyuma Kabla ya Kugusa Usukani

Kama unapiga boda Maili Sita hadi Dundori na nduthi ya kitambo, hii unaijua. Asubuhi uko poa, saa nane mikono imekufa ganzi, jioni hata kuinama kuvua viatu ni kazi. Wasee wengi hukimbilia kuinua usukani, na kesho yake bado wanalia.

Mara nyingi shida iko nyuma. Shokabsoba zikichoka, nyuma inashuka, wewe unateleza kurudi na kuanza kujishikilia kwa mikono. Taa nayo inaangalia juu na kumchoma macho anayekuja mbele yako.

Zipime hivi: kandamiza siti kwa nguvu halafu uachilie. Ikipanda mara moja na kutulia, ziko sawa. Ikidunda dunda kama mpira, au ukiona mafuta kwenye ile fimbo inayong'aa, shoki imekufa na hakuna kukaza kutaifufua. Nunua mpya, zote mbili pamoja.

Kama bado ziko hai, angalia ile pete yenye vidato kwenye springi. Boxer na TVS nyingi za kazi zinayo. Izungushe kwa spana yake ya ndoano, kidato kimoja kimoja, kulia na kushoto zilingane. Fundi atakuambia "nimekazia," lakini ukweli ni kwamba springi haijawa ngumu. Nduthi imeinuliwa tu ili isizame na mzigo. Kwa hivyo pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Wa magunia ya waru hawezi kuseti sawa na wa abiria mmoja, na ukiiweka kidato cha mwisho halafu urudi bila kitu, kila shimo utalihesabu kwa uti wa mgongo. Ukimaliza angalia cheni, kwa sababu kukaa kwa nyuma kumebadilika.

Sasa njoo kwa usukani. Simamisha nduthi kwa stendi ya kati, legeza zile bolti nne za vishikio bila kuzitoa. Ukisukuma usukani mbele kidogo mikono inapanda, ukiuvuta kwako inashuka. Kaa kama unaendesha: viwiko vipinde kidogo, kifundo cha mkono kinyooke. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, kisha panga leva za klachi na breki zifuate mkono wako.

Hapa usiruke. Washa injini, pinda usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa. Ipitishe upya au uirefushe. Hebu fikiria hiyo ikikushika kwa kona ukishuka Subukia! Na fundi akisema atauongeza urefu kwa kuchomelea bomba, buda, ondoka hapo. Kiungo kikikatika hakikupigii simu kwanza.

Mbele, vumbi letu la Bahati hukula sili za foku. Ukiona mafuta yakitiririka kuelekea gurudumu, badilisha sili na mafuta ya miguu yote miwili, kipimo sawa, kabla hayajafika kwa breki.

Piga kazi siku moja, halafu jioni ujaribu tena zile bolti nne kwa spana. Vishikio vya zamani huachia kidogo baada ya barabara mbovu.