Kwa nini mishipa ya damu hutafutwa kabla ya upasuaji wa flapu

Mtu akigongwa na pikipiki na mfupa wa muundi ukabaki wazi, jamaa zake hutegemea kusikia kwamba atachunwa ngozi pajani ibandikwe kwenye kidonda. Badala yake daktari anasema ngozi hiyo haitashika, inatakiwa flapu, na mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa. Huko anaanza kwa kupigwa picha ya mishipa ya damu. Picha hiyo ina gharama, kwa hiyo ni haki kuuliza inatafuta nini.

Tuanze na tofauti. Ngozi ya kubandikwa huja bila mshipa wowote. Siku mbili za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo huota kutoka chini na kuingia ndani yake. Chini pakiwa na nyama nyekundu, itashika. Pakiwa na mfupa mtupu uliopoteza utando wake, itakauka kama mbegu iliyomwagwa juu ya jiwe. Flapu ni kama mche unaong'olewa na bonge la udongo wake: ni ngozi pamoja na mafuta, pengine na msuli au hata mfupa, na inahama na mshipa unaoilisha. Flapu nyingine huzungushwa tu kutoka jirani ya kidonda huku mshipa wake ukiwa umeshikana na mwili. Nyingine hukatwa kabisa, ikapelekwa mbali, na mishipa yake ikaunganishwa na ya huko kwa uzi mwembamba kuliko unywele, daktari akitazama kwa hadubini.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kipande hiki kinakula kutoka wapi?

Jibu lilichukua muda mrefu kupatikana. India ya zamani ilijua kutengeneza pua kwa ngozi ya paji la uso, na mwaka 1794 jarida moja la London lilieleza upasuaji wa namna hiyo. Lakini ramani ya mishipa ya ngozi ilichorwa na Mjerumani Carl Manchot mwaka 1889, kabla ya eksirei kugunduliwa. Alipasua maiti na kufuata mishipa kwa macho. Mfaransa Michel Salmon akaongeza mwaka 1936 kwa kujaza mishipa ya maiti dawa yenye risasi inayoonekana kwenye eksirei. Mwaka 1987 Ian Taylor na John Palmer wa Australia walionyesha kwamba mwili umegawanyika katika maeneo, kila eneo na mshipa wake mkuu, mfano wa mashamba yanayopata maji kila moja kwa mfereji wake. Walihesabu kwa wastani mishipa 374 inayotoboka kutoka ndani kuja kwenye ngozi. Kati ya shamba na shamba kuna vijifereji vyembamba. Daktari akikata kipande kinachovuka mipaka mingi, damu haifiki mwisho, na ncha hufa.

Ramani ya kitabuni hata hivyo haitoshi, kwa sababu watu hatulingani. Chukua flapu ya paja. Daktari huchora mstari kutoka kwenye mfupa wa nyonga uliochomoza mbele hadi kwenye kona ya juu ya nje ya pia ya goti. Mshipa mara nyingi hutokea karibu na katikati ya mstari huo, ndani ya sentimita 3 hivi. Mara nyingi, si kila mara. Hapo ndipo vipimo vinapoingia.

Kifaa rahisi kuliko vyote ni dopla ya mkononi. Inawekwa juu ya ngozi yenye jeli na kutoa sauti ya damu inavyopita: shuu, shuu, shuu. Mimi mtu wa redio nakipenda kifaa kinachotumia sikio, lakini nacho hudanganya. Kinaweza kusikia mshipa mkubwa unaopita chini na usiofika kwenye ngozi kabisa. Ultrasaundi ya rangi huonyesha zaidi, bila mionzi, ila inategemea sana mkono wa anayepima. Siti skani ya mishipa ndiyo inayochora njia nzima: mgonjwa huchomwa dawa yenye iodini kwenye mshipa wa mkono, kisha mashine hupiga picha nyingi kwa sekunde chache. Kabla ya dawa hiyo, mwambie daktari kama una tatizo la figo, kama unatumia metformini ya kisukari, au kama uliwahi kupata mzio wa dawa ya picha.

Mfano unaoonyesha uzito wa kipimo ni wa taya. Mgonjwa aliyeondolewa taya kwa sababu ya uvimbe anaweza kutengenezewa jingine kwa mfupa mwembamba wa nje ya mguu, unaochukuliwa pamoja na mshipa wake. Kwa kawaida mguu chini ya goti una mishipa mikuu mitatu, hivyo mmoja ukiondoka miwili inabaki. Wapo watu wachache ambao mshipa huo wa nje ndio unaolisha unyayo karibu peke yake. Ukichukuliwa bila kujua, taya linapona na mguu unakufa.

Kwenye kiganja kuna kipimo kisichohitaji umeme. Mgonjwa anakunja ngumi, daktari anabana mishipa miwili ya kifundo, kisha mkono unafunguliwa ukiwa umepauka. Anaachia ule wa upande wa kidole kidogo. Wekundu ukirudi upesi, mkono unaweza kuishi bila ule wa upande wa dole gumba.

Baada ya upasuaji, siku mbili tatu za kwanza ndizo za hatari, na manesi hukagua flapu kila saa hasa siku ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi rangi haionekani vizuri, kwa hiyo huangalia joto, uvimbe na sauti ya dopla. Wakichoma sindano ndogo, damu nyekundu angavu ni dalili njema. Nyeusi inayotoka haraka maana yake damu inaingia bila kutoka, na isipotoka kabisa mshipa wa kuingiza umeziba. Anayemuuguza mgonjwa asifunge kitambaa cha kubana, wala mgonjwa asivute sigara, kwani nikotini huibana mishipa midogo. Flapu ikivimba ghafla au kupoa usiku, muite nesi saa hiyo hiyo: akirudishwa mapema chumba cha upasuaji, mara nyingi bonge la damu huondolewa na kipande kikaokoka.